Habari Ileile Mara Tatu: Safari ya Bajeti ya Jeshi la Marekani Bungeni

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika habari za kimataifa kwa ajili ya taarifa ya jioni ya redio, na katika miaka hiyo hakuna habari iliyonitia aibu kama ile ya bajeti ya jeshi la Marekani. Ilikuja mwezi Julai: Baraza la Wawakilishi limepitisha bajeti ya jeshi. Ikaja tena Desemba: Rais ametia saini bajeti ya jeshi. Kisha, nilipokuwa nimekwisha kuisahau, ikatua mezani kwangu mwezi Machi kwa mara ya tatu: Bunge la Marekani limepitisha fedha za jeshi. Mhariri wangu, mzee aliyekuwa na kumbukumbu kali kuliko kabati letu la nyaraka, aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akanitazama juu ya miwani na kuniuliza: "Mwanangu, hawa watu wana majeshi mangapi?"

"Moja tu, Mzee," nilijibu, lakini sikuweza kumweleza zaidi ya hapo. Ilinibidi nisome kurasa nyingi kuliko nilivyokusudia ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nikitangaza mambo matatu tofauti kwa maneno yaleyale, na kwamba kosa langu lilikuwa katika kitenzi. Nilikuwa nikiandika kwamba Bunge "limetoa" fedha mahali ambapo lilikuwa limeruhusu tu zitolewe. Makala haya ni maelezo ambayo nilipaswa kumpa mzee siku ile.

Mzizi wa mambo umo katika Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787. Ibara yake ya kwanza inalipa Bunge, wala si Rais, mamlaka ya kuunda na kugharimia majeshi ya nchi kavu, na vilevile kujenga na kutunza jeshi la majini. Waandishi wake walikuwa wametoka katika vita dhidi ya mfalme wa Uingereza, na walijua vizuri jinsi Waingereza wenyewe walivyowahi kuteswa na wafalme waliofuga majeshi wakati wa amani, hata ikabidi mwaka 1689 itungwe sheria ya kukataza jeshi la kudumu bila ridhaa ya Bunge. Kwa hiyo waliweka sharti ambalo halipo kwa wizara nyingine yoyote: fedha za jeshi la nchi kavu zisitengwe kwa muda unaozidi miaka miwili. Jeshi la majini halikuwekewa kamba hiyo, na naona sababu yake ni rahisi kuikisia, kwa kuwa manowari haiwezi kupanda mlima kwenda kumtisha mkulima shambani kwake. Sehemu ya tisa ya ibara hiyohiyo inaongeza kwamba hakuna fedha itakayotoka hazina isipokuwa kwa mgawo uliowekwa kisheria. Maneno hayo machache ndiyo yanayowalazimisha wabunge wa Marekani kurudi mezani kila mwaka, hata miaka ambayo hawasemezani.

Kwa muda mrefu wa historia ya nchi hiyo, vita halisi ya fedha za jeshi ilipiganwa katika kamati za mgawo wa fedha peke yake. Kamati zilizoshughulikia majeshi zilitoa ruhusa za jumla, zisizo na mwisho wala kiasi maalumu, kisha zikakaa pembeni zikitazama wenzao wakihesabu noti. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1959. Katika sheria ya ujenzi wa kijeshi ya mwaka huo, kwa msukumo wa Seneta Richard Russell wa Georgia, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Majeshi ya Seneti, kiliingizwa kifungu namba 412 kilichosema kwamba ndege, makombora na meli za kivita havitanunuliwa tena bila kwanza kupata idhini ya kisheria. Idhini ya kwanza ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1961. Baadaye wigo ukapanuliwa kidogo kidogo: utafiti ukaingizwa, vifaru vikaingizwa, idadi ya askari ikaingizwa, gharama za uendeshaji na matengenezo nazo zikaingizwa, hadi ikazaliwa ile ambayo leo huitwa Sheria ya Idhini ya Ulinzi wa Taifa, ambayo haijawahi kukosa kupitishwa mwaka wowote tangu 1961.

Basi kuna njia mbili zinazokwenda sambamba, na hapo ndipo nilipokuwa nikipotea. Njia ya kwanza ni ya idhini, nayo inasimamiwa na Kamati za Majeshi za mabaraza yote mawili ya Bunge, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti. Njia ya pili ni ya mgawo wa fedha, nayo inasimamiwa na kamati nyingine kabisa zenye wenyeviti wengine, wivu mwingine na kalenda nyingine. Sheria ya idhini husema jambo hili linaweza kufanyika na kiasi kinachofaa ni hiki. Sheria ya mgawo ndiyo inayofungua hazina. Ni kama posa na mahari: ukoo unaweza kuikubali posa kwa vigelegele na kutaja mahari nono, na bado hakuna aliyeona hata shilingi.

Mfano unaonikaa zaidi kichwani ni wa mwaka wa fedha 2018. Mnamo Desemba 2017 ilitiwa saini sheria ya idhini iliyotaja karibu dola bilioni 700 kwa ajili ya ulinzi. Vichwa vya habari duniani kote, changu kikiwemo, vilitangaza kwamba Marekani imetenga dola bilioni 700. Ukweli ni kwamba siku ile kulikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 2011, iliyoweka ukomo wa dola bilioni 549 kwa matumizi ya kawaida ya ulinzi katika mwaka huo, ukiacha fungu la vita lililokuwa nje ya ukomo. Kwa maneno mengine, Bunge lilikuwa limeidhinisha kiasi ambacho sheria yake lenyewe ilikataza kutumika. Mpaka Februari 2018 ukomo ulipoinuliwa ndipo tarakimu zile zikaanza kuwa na maana, na fedha zenyewe zikaja mwezi Machi.

Mtu anaweza kuuliza: kama haitoi fedha, sheria ya idhini ina kazi gani hasa? Ina kazi nyingi. Ndiyo inayoweka idadi ya juu ya askari wa kila jeshi kwa mwaka huo. Ndiyo inayoongeza muda wa posho maalumu na bakshishi za kuwavutia marubani, madaktari na mafundi wa nyuklia, ambazo zimetungwa ziishe kila tarehe 31 Desemba zisipohuishwa. Ndiyo inayokataza au kuruhusu: usikifunge kituo fulani, usimhamishe mfungwa fulani, leta ripoti kabla ya siku fulani. Nyongeza za mishahara hupitia humo pia. Sheria ya mwaka wa fedha 2025, kwa mfano, iliwapa askari wote nyongeza ya asilimia 4.5, na wale wa vyeo vya chini kabisa wakaongezewa asilimia 10 nyingine kuanzia Aprili. Jeshi la Anga za Juu, ambalo ni tawi jipya kabisa la majeshi ya Marekani, lilizaliwa ndani ya sheria ya namna hii tarehe 20 Desemba 2019.

Safari ya kila mwaka huanza kwa kitabu cha bajeti ambacho Rais anatakiwa kisheria kukiwasilisha Jumatatu ya kwanza ya Februari, ingawa siku hizi kuchelewa kumekuwa ndiyo desturi. Nyuma ya kitabu hicho kuna kazi ya miaka miwili hivi ndani ya Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, chini ya mfumo wa mipango ulioanzishwa enzi za Waziri Robert McNamara mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sitaingia humo kwa sababu kuna watu wamestaafu bila kuumaliza. La kuzingatia ni kwamba kitabu cha Rais ni ombi tu. Muda mfupi baada ya ombi kufika, makamanda wa majeshi hutuma orodha nyingine, ya vitu ambavyo wangevitaka lakini havikupata nafasi katika bajeti ya Rais. Tangu mwaka wa fedha 2017 orodha hizo ni za lazima kisheria. Mimi huziona kuwa jambo la ajabu kidogo, kwamba mtumishi anaamriwa na sheria kumweleza mbunge ni wapi bosi wake alimnyima. Lakini kwa wabunge ni hazina, maana humo hupata kisingizio cha kuongeza wanachokitaka huku wakisema jeshi lenyewe limeomba.

Kisha hufuata vikao vya kuwahoji mawaziri na majenerali, ambavyo televisheni huvipenda na ambavyo huamua machache. Mambo huamuliwa katika kikao cha kuchambua muswada kifungu kwa kifungu. Katika Baraza la Wawakilishi, Kamati ya Majeshi hufanya kikao hicho hadharani kwa siku moja ndefu, asubuhi hadi usiku wa manane, na miaka mingine hadi karibu na alfajiri. Nimewahi kukifuatilia kwenye intaneti hadi nikasinzia, na nilipoamka walikuwa bado wanapiga kura juu ya kitu ambacho sikujua kilianza lini. Wenzao wa Seneti hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo nyuma ya milango iliyofungwa, kwa hoja kwamba kuna siri za nchi, na hutoka baada ya siku mbili tatu wakiwa na muswada uliokwisha kupikwa. Ninakiri kwamba kama mwandishi ningependa milango yote iwe wazi. Lakini nimeona pia kwamba wanaokaa gizani huelewana haraka zaidi.

Katika vikao hivyo ndipo unapomwona mbunge akiwa ameshika mpini wa kisu, na jeshi, pamoja na nishani zake zote, limeshika makali. Mwaka 2012 Jenerali Ray Odierno, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliwaeleza wabunge kwamba hahitaji vifaru zaidi vya Abrams kwa wakati ule na kwamba fedha hizo zingefaa mahali pengine. Wabunge wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakaongeza fedha za vifaru, kwa sababu kiwanda kinachovitengeneza kilichoko Lima, Ohio, kingelala, na mafundi wake na wauzaji wa vipuri katika majimbo mengi wangelala nacho. Mwaka 2014 Jeshi la Anga lilipendekeza kuziondoa kazini ndege zote za A-10, ndege nzee zinazoruka chini kuwasaidia askari walioko ardhini. Bunge likakataa, likakataa tena mwaka uliofuata, na likaendelea kukataa, mpaka katika sheria ya mwaka wa fedha 2023 lilipokubali ziondolewe 21. Unaweza kuyaita mambo haya ubinafsi wa majimbo, na kwa sehemu kubwa ni hivyo. Hata hivyo, katika suala la A-10 waliopaza sauti zaidi ni pamoja na askari wa miguu waliowahi kuokolewa na ndege hizo, nao hawakuwa na kiwanda cha kulinda.

Muswada ukitoka kamatini huingia katika ukumbi wa baraza zima, na hapo tofauti ya mabaraza mawili hujitokeza. Katika Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435, Kamati ya Kanuni ndiyo huamua ni marekebisho yapi yatajadiliwa. Yanayopelekwa kwake siku hizi huzidi 1,000 kwa muswada mmoja, na mengi yasiyo na ubishi hufungwa mafungu mafungu na kupitishwa kwa kura moja. Katika Seneti, yenye maseneta 100, hakuna mlinzi wa mlango wa namna hiyo. Karibu kila hatua huhitaji ridhaa ya wote, na asiyeridhika anaweza kulazimisha kura ya kufunga mjadala, ambayo hudai 60. Ndiyo maana muswada wa Seneti unaweza kuwa tayari tangu Julai na ukakaa rafuni hadi Novemba ukisubiri nafasi.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeigeuza sheria hii kuwa kitu ambacho Richard Russell asingekitambua. Kwa sababu inajulikana kuwa lazima ipite, kila mwenye mzigo wake huja kuusimamisha kama abiria wanavyolisimamisha basi la mwisho la usiku. Sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na uhalifu wa chuki, iliyobeba majina ya Matthew Shepard na James Byrd, watu wawili waliouawa kwa chuki, ilipita ikiwa ndani ya idhini ya jeshi. Likizo ya uzazi ya wiki 12 yenye malipo kwa watumishi wa serikali kuu, hata wale wasiowahi kushika bunduki, ilipita ndani ya idhini ya mwaka wa fedha 2020. Sheria ya kuzitaka kampuni zieleze wamiliki wake halisi ni nani ilipita ndani ya idhini ya mwaka wa fedha 2021. Sisemi kwamba mambo hayo ni mabaya; mengine ningeyapigia kura kwa mikono yote miwili. Ninachosema ni kwamba kamba iliyosukwa kwa ajili ya kulifunga jeshi imekuwa pia kamba ya kuvutia mizigo iliyoshindwa kutembea yenyewe.

Mabaraza yote mawili yakishapitisha matoleo yao, matoleo hayo huwa hayafanani, na Katiba inataka maandishi yawe mamoja neno kwa neno. Vitabu vya shule vinasema huundwa kamati ya pamoja ya usuluhishi. Miaka mingine huundwa kweli. Lakini mara nyingi katika miaka ya karibuni kazi imefanywa na watu wanne: mwenyekiti wa Kamati ya Majeshi na kiongozi wa upinzani katika kamati hiyo, kutoka kila baraza. Hao hukaa na wasaidizi wao kwa majuma kadhaa, huweka kando yasiyopatana, kisha huleta maandishi mapya pamoja na waraka mrefu wa ufafanuzi.

Tatizo la njia hiyo ya mkato ni kwamba maandishi mapya yanahitaji muswada wa kuyabeba, na muswada mpya ungelazimika kuanza foleni upya. Suluhisho lao lilinichekesha nilipolielewa. Hutafutwa muswada mwingine, wa jambo lolote lile, uliokwisha kupita hatua za awali katika mabaraza, hutolewa utumbo wake wote, na humo ndani hushindiliwa sheria ya jeshi. Idhini ya mwaka wa fedha 2022 ilisafiri katika ngozi ya muswada wa Seneti namba 1605, ambao ulikuwa wa kutambua kumbukumbu ya kitaifa ya waliouawa katika klabu ya Pulse mjini Orlando. Ya mwaka wa fedha 2023 ilisafiri ndani ya muswada wa miradi ya maji. Ya mwaka wa fedha 2025 ilivaa muswada namba 5009 wa Baraza la Wawakilishi, ambao ulianza maisha yake kama muswada wa kuhifadhi wanyamapori. Ukitafuta historia ya sheria hiyo ya majeshi kwenye tovuti ya Bunge, utakuta hatua zake za kwanza zinazungumzia wanyama wa porini, na usipokuwa na habari utadhani umekosea ukurasa, kama nilivyodhani mimi. Ilipita kwa kura 281 dhidi ya 140 katika Baraza la Wawakilishi tarehe 11 Desemba 2024, na kwa kura 85 dhidi ya 14 katika Seneti wiki moja baadaye.

Kutoka hapo nakala rasmi husainiwa na viongozi wa mabaraza na kupelekwa kwa Rais, ambaye ana siku kumi, Jumapili zisipohesabiwa, za kuamua. Anaweza kutia saini, kuuachia uwe sheria bila saini yake ikiwa Bunge lingali katika kikao, au kuurudisha kwa kura ya turufu. Tangu 1961 marais sita wameitumia turufu hiyo dhidi ya muswada wa idhini: Carter mwaka 1978, akikataa manowari ya kubebea ndege yenye nguvu za nyuklia, Reagan mwaka 1988, Clinton mwaka 1995, Bush mwaka 2007, kwa sababu ya kifungu kuhusu mashtaka dhidi ya Iraq, Obama mwaka 2015, na Trump tarehe 23 Desemba 2020. Watano wa kwanza walifanikiwa kulirudisha Bunge mezani, muswada ukarekebishwa na kutiwa saini baadaye. Trump, ambaye pamoja na mengine hakutaka kambi zilizoitwa kwa majina ya majenerali wa Shirikisho la kusini, yaani majimbo yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zibadilishwe majina, na alitaka ifutwe kinga ya kisheria ya mitandao ya kijamii, alishindwa. Baraza la Wawakilishi lilibatilisha turufu yake kwa kura 322 dhidi ya 87 tarehe 28 Desemba, na Seneti ikamaliza kazi kwa kura 81 dhidi ya 13 siku ya Mwaka Mpya. Hiyo ndiyo turufu pekee iliyobatilishwa katika muhula wake wa kwanza. Nilikuwa zamu siku ile, na kwa mara ya kwanza nilijua ninachokiandika.

Hadi hapo, nikumbushe, hakuna dola iliyotoka.

Njia ya fedha huanza Februari ileile kwa kitabu kilekile, lakini hupitia Kamati za Mgawo, ambazo kila moja ina kamati ndogo 12, na kila kamati ndogo hutunga muswada wake. Wa ulinzi ni mmoja kati ya hiyo 12, ingawa ndio mnene kuliko yote. Cha kushangaza ni kwamba si fedha zote za jeshi zimo humo. Ujenzi wa kambi na nyumba za askari umo katika muswada mwingine, pamoja na huduma za maveterani. Silaha za nyuklia ziko chini ya Wizara ya Nishati, na fedha zake hupitia muswada wa nishati na maji; katika idhini ya mwaka wa fedha 2025 ya takribani dola bilioni 895, zaidi ya bilioni 33 zilikuwa za wizara hiyo. Na Walinzi wa Pwani, ambao kisheria ni tawi la majeshi kama matawi mengine, hulipwa kupitia Wizara ya Usalama wa Ndani. Jambo hilo lilikuwa la kiofisi tu hadi Desemba 2018. Mwaka ule mgawo wa ulinzi ulikuwa umetiwa saini tarehe 28 Septemba, kwa wakati, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa takribani muongo mzima. Mgawo wa Usalama wa Ndani ulikuwa bado. Shughuli za serikali ziliposimama kwa siku 35, askari wa majini walipokea mishahara kama kawaida, na askari wa Walinzi wa Pwani, waliovaa sare na kuapa kiapo kilekile, wakaikosa malipo yao ya tarehe 15 Januari.

Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Mgawo usipokuwa tayari siku hiyo, Bunge hupitisha sheria ya muda ya kuendeleza matumizi, ambayo kwa kawaida huruhusu wizara itumie kwa kiwango cha mwaka uliopita, bila kuanzisha mradi wowote mpya. Kwa mtu wa nje hilo husikika kama jambo dogo. Kwa jeshi ni sawa na kupewa orodha ya sokoni ya mwaka jana: unaruhusiwa kununua tena ulichonunua, hata kama hukihitaji, na huruhusiwi kununua unachohitaji sasa, hata kama fedha unayo mkononi. Na hata hiyo ya muda isipopatikana, sheria nyingine ya tangu karne ya 19 humkataza ofisa wa serikali kuingia gharama ambayo Bunge halijaitengea fedha. Askari huendelea kulinda, lakini malipo husubiri. Mgawo wa ulinzi wa mwaka wa fedha 2024 ulitiwa saini tarehe 23 Machi 2024, karibu nusu mwaka baada ya mwaka wenyewe kuanza. Sheria ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa habari yangu ya tatu, ile ya Machi. Mwaka uliofuata hali ilikuwa ngumu zaidi: tarehe 15 Machi 2025 ilisainiwa sheria ya kuendeleza matumizi kwa mwaka mzima, mara ya kwanza kwa Wizara ya Ulinzi kuendeshwa mwaka wote kwa namna hiyo, ikiwa na marekebisho ya hapa na pale badala ya mgawo kamili.

Kisha, tarehe 4 Julai mwaka huohuo, kukafunguliwa mlango wa uani. Sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyopitishwa kwa utaratibu wa bajeti usiohitaji kura 60 katika Seneti ilibeba takribani dola bilioni 150 kwa ajili ya jeshi, kando kabisa ya njia zote mbili nilizozieleza. Mtu aliyejifunza mfumo huu kwa jasho, kama mimi, aliiona siku hiyo kwa jicho la fundi aliyemaliza kujenga ngazi akakuta watu wanapandia dirishani.

Fedha zikishatengwa, huwa na umri. Za mishahara na za uendeshaji kwa kawaida huishi mwaka mmoja. Za utafiti miaka miwili. Za ununuzi wa silaha mitatu. Za kujenga meli mitano. Kwa hiyo wakati wabunge wanapokesha kamatini wakibishana juu ya bajeti ijayo, maofisa wa Pentagon wanakuwa wakitumia fedha za sheria nne au tano zilizopita kwa wakati mmoja, kila moja na tarehe yake ya kufa, na mwezi Septemba kila idara hukimbizana kununua kabla fungu la mwaka halijafungwa.

Nilimwandikia mzee yote haya kwa ufupi, ukurasa mmoja na nusu, nikauweka mezani kwake kabla ya taarifa ya jioni, siku moja ya Desemba. Aliusoma hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akaichukua habari yangu ya siku ile, ambayo sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba Rais wa Marekani ametia saini sheria inayoidhinisha matumizi ya jeshi ambayo fedha zake zitatengwa baadaye na Bunge kwa sheria nyingine, akaipiga mstari katikati, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu "Marekani yatoa mabilioni kwa jeshi", akanirudishia. "Wasikilizaji wanapika chakula cha jioni, mwanangu," alisema. "Hiyo ya Machi ikija, utaandika tena."